Masizi kwenye oili ya dizeli
Ndugu, oili ya injini ya dizeli kuwa nyeusi tii siku chache baada ya kubadilisha si ajabu. Rangi haikuambii masizi ni kiasi gani. Kwa haraka, dondoshea tone moja kutoka kwenye kijiti cha oili juu ya karatasi ya kuchujia, uliache kwa saa kadhaa. Likisambaa kijivu hadi pembeni, masizi bado yanaelea vizuri. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, yameanza kugandana. Ukitaka asilimia, peleka maabara: sampuli hupashwa moto ndani ya naitrojeni mpaka oili iishe, kisha huingizwa oksijeni masizi yaungue. Uzito unaopungua hapo ndio masizi yenyewe. Kipimo cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ni cha haraka zaidi, ila hukadiria tu.