Jibu: Kijitabu cha wafanyakazi kwa karakana ya useremala, Chake Chake, Pemba

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kunakili kijitabu cha kampuni ya Dar es Salaam kwa mafundi wako sita. Nakuomba usifanye hivyo. Ajira ya sekta binafsi si jambo la Muungano: Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Na. 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8, zote za 2005. Cha bara kitakutajia sheria na ofisi zisizokuhusu, na mchango wa hifadhi ya jamii huku kwetu unakwenda ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar.

Anza na mashine, karatasi baadaye. Msumeno wa duara ndio unaokata vidole. Uwe na kinga juu, na bamba la kutenganisha mbao nyuma yake. Bila hilo mbao hubana msumeno na kumrukia fundi. Vipande vifupi visukumwe kwa kijiti. Anayepasua asivae glavu kabisa, kwani zikinaswa huvuta mkono mzima. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani (linseed, ya kupaka mbao) yakirundikwa hujipasha na kuwaka yenyewe, tena karibu na vumbi la mbao! Yatiwe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Saa za kazi, likizo na malipo, kurasa mbili zatosha. Wasomee mafundi kwa Kiswahili, kila mmoja asaini nakala mbili, moja abaki nayo. Daftari la ajali liandikwe siku ileile: saa, mashine, jeraha, shahidi.