Minor Threat: bendi nzima ndani ya sidii moja

Tangu nitaje *Complete Discography* (yaani "santuri zote"), albamu ya Minor Threat, bendi ya panki, roki ya kasi na kelele, ya Washington, D.C., maswali hayajakoma. Nimechagua manne.

Shikamoo mwandishi. Miaka mitatu, nyimbo 26. Zote zimo kweli?

Marahaba. Karibu zote. Bendi ilianza 1980 ikavunjika 1983, na mwaka 1989 lebo (kampuni ya kutoa santuri) yao wenyewe, Dischord, ikakusanya santuri zao mahali pamoja: dakika 47 hivi, basi. Jina la albamu lina majigambo kidogo, maana demo yao ya kwanza, yaani rekodi ya majaribio, ilikuja kutoka 2003. Usiumize kichwa. Nyimbo za demo ile utazikuta humu, zimerekodiwa upya na kwa ubora zaidi.

Nianze na wimbo gani?

Wa kwanza, kisha usiruke. Nyimbo zimepangwa karibu kwa mfuatano wa kurekodiwa, na utamu wenyewe uko hapo. Mwanzoni ni vijana wadogo, wanapiga kana kwamba umeme utakatika. "Straight Edge" haufiki dakika moja. Kwenye taarabu fidla ingekuwa bado inapasha moto! Sikiliza hasa "Out of Step", uliomo mara mbili. Ule wa 1981 unatamba kwamba mimi sinywi, sivuti. Ule wa 1983 unasimama katikati, mwimbaji Ian MacKaye anaanza kuongea: hizi si sheria, simwamrishi mtu. Kumbe mashabiki walishaugeuza wimbo kuwa amri, na wengine waliwaandama wanywaji pombe. Bendi chache zimewahi kujisahihisha ndani ya wimbo wao wenyewe, na mimi naupenda huu wa pili kuliko ule wa kwanza.

Alama ya X ambayo mashabiki wao hujichora mkononi ni ya dini gani?

Si dini, ingawa wapo walioifanya hivyo. MacKaye na mpiga ngoma Jeff Nelson walikuwa kwanza kwenye bendi nyingine, Teen Idles. Mwaka 1980 walikwenda kupiga San Francisco, na kwa kuwa walikuwa chini ya umri wa kunywa, ukumbi uliwachora X mkononi ili wahudumu wa baa wasiwauzie pombe. Wakarudi na wazo hilo kwao ili watoto waruhusiwe kuingia kwenye maonyesho. Yaani alama ya kukatazwa ndiyo waliyoigeuza kuwa ya kujivunia kutokunywa.

Na kasi ile, kwa wanaodhani waliibuni wao: waliwatazama Bad Brains, bendi ya Marasta weusi wa mji uleule, na MacKaye hajawahi kulificha hilo.

Mbona wimbo wa mwisho una kengele? Nilidhani sidii imeharibika.

Haijaharibika. "Salad Days" ulirekodiwa Desemba 1983, bendi imeshavunjika, na una kengele na gitaa kavu. Wapenda kasi walinuna. MacKaye ana miaka 21 tu, na tayari anaimba juu ya siku nzuri zilizopita, huku akijishuku kwamba labda hata hazikuwa nzuri hivyo.