Re: Bobcat (kale katapila kadogo ka kubebea mchanga) inatetemeka sana ikiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), nibadilishe mauntingi mbili au zote?

Mkuu badilisha mauntingi zote nne (zile raba zinazoshikilia injini kwenye fremu), usibadilishe hizo mbili za nyuma tu kama fundi wako anavyotaka, maana raba mpya ni ngumu na zile za zamani zimeshalegea, injini itakaa upande na mpya zitakufa mapema. Na injini haihitaji kutoka nje, inatosha kuinuliwa kidogo.

Kabla ya yote shusha mikono ya kunyanyulia ndoo chini kabisa, au kama lazima ibaki juu weka kile chuma cha kuzuia mikono, usiamini haidroliki hata dakika moja, watu wamekufa hivyo. Toa terminali ya betri, halafu beba injini na winchi, au jeki yenye ubao mpana chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), bila ubao sampo inabonyea. Fungua moja moja, usilegeze zote kwa mpigo, na ukiwa unainua angalia ekzozi, paipu za haidroliki na feni isigonge rejeta.

Boliti mpya zipachike zote kwa mkono kwanza, injini ikae yenyewe, ndo ukaze kwa toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha hiyo mashine yako. Kama pampu ya haidroliki inaendeshwa na beliti cheki na mkao wa beliti.

Alafu tafuta kuna oili au dizeli inavuja wapi, raba ikilowa oili inavimba na kulainika, usipoziba hapo utanunua tena.