Mahakamani, Nani Apime Ukweli wa Mtoto?

Mpwa wangu wa miaka 11 ni shahidi katika kesi ya ubakaji. Wakili wa mshtakiwa anasema ataomba mtoto apimwe na mwanasaikolojia ili ijulikane kama ni mkweli. Mahakama inaweza kukubali? (Mjomba, Masasi)

Kuomba ni haki yake, ila kupima ukweli wa shahidi ni kazi ya hakimu, na hiyo ndiyo hoja ambayo mwendesha mashtaka anapaswa kuisimamia. Kwa Sheria ya Ushahidi, tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Na katika makosa ya kujamiiana ushahidi wake peke yake waweza kutosha kumtia mshtakiwa hatiani, iwapo mahakama imeridhika kwamba anasema kweli tupu. Wakili anayemtilia shaka anayo maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Tofauti ni pale panapokuwa na dalili halisi kwamba mtoto haelewi maswali au hawezi kuyajibu. Hapo mtaalamu ana la kusaidia.

Nasikia Marekani mahakama huamuru vipimo hivyo. (Mwanafunzi wa sheria, Mtwara)

Hutegemea jimbo. Huko California, Mahakama ya Juu ya jimbo iliwaachia majaji hiari hiyo mwaka 1966, lakini baadaye sheria ikakataza kumpima mlalamikaji wa kosa la kujamiiana kwa lengo la kupima ukweli wake. West Virginia, kwa uamuzi wa mwaka 1992, humtaka mshtakiwa aoneshe sababu nzito, kisha jaji huangalia umri wa mtoto, namna kipimo kitakavyoingilia faragha yake, madhara yatakayomfika, thamani ya kipimo kama ushahidi, muda uliopita tangu tukio, na ushahidi ambao utetezi tayari unao. Mahakama zetu hazifungwi na maamuzi hayo, ingawa mizani ya West Virginia naiona ya haki kwa pande zote mbili.

Je, PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, si kipimo hichohicho? (Mama, Kilwa)

Hapana. PF3 huhusu mwili, na mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe.

Tukimpeleka binti yetu kwa mshauri nasaha kabla ya kesi, si watasema amefundishwa? (Baba, Nachingwea)

Huenda wakasema, lakini msimcheleweshee matibabu kwa hofu hiyo. Mwoneni ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, mwelezeni mshauri kwamba kesi ipo, na nyumbani msimrudishe mtoto kwenye maelezo yake wala kumsahihisha, kwa maana dodoso hugundua upesi maneno ya mtu mzima kinywani mwa mtoto.