Kumiliki mkanda si kumiliki haki ya kuuonyesha

Swali: Nimenunua nakala ya milimita 16 ya filamu ya zamani, pamoja na cheti cha muuzaji kisemacho kwamba nina "haki zote". Nataka kuionyesha hadharani bila kiingilio. Je, cheti hicho kinanitosha?

Jibu: Hakikutoshi. Ulichonunua ni mkanda. Haki ya kuuonyesha hadharani bado ni ya mwenye hakimiliki, na muuzaji hawezi kukupa asichokuwa nacho. Mwombe barua aliyopewa na mwenye haki. Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Hawa wauzaji wa vyeti wananikera, kwa sababu wimbo wao ni uleule: filamu ni ya zamani, tena hutozi mtu. Kutotoza kiingilio hakukuondolei wajibu wa kuomba kibali; ukialika umma, hilo ni onyesho la hadhara. Na uzee wa filamu hupimwa kwa sheria ya nchi utakapoionyesha. Marekani, filamu zilizotolewa mwaka 1930 zimekuwa mali ya umma, yaani hazina tena hakimiliki, Januari 2026 tu, baada ya miaka 95. Katika Umoja wa Ulaya huhesabiwa miaka 70 tangu afariki wa mwisho kati ya mwongozaji, mwandishi wa mswada, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki wa filamu hiyo. Filamu moja inaweza kuwa huru huku na kufungwa kule.

Hata ikiwa huru, chunguza muziki na hadithi iliyoizaa. *It's a Wonderful Life* ya 1946 ilipoteza hakimiliki yake Marekani mwaka 1974 kwa kuwa haikuhuishwa muda wake wa kwanza ulipokwisha, na vituo vya televisheni vikairusha vitakavyo. Mwaka 1993 kampuni ya filamu ya Republic Pictures ikairudisha mikononi mwake kupitia haki za hadithi na muziki.

Kwa hiyo anza na kampuni iliyotajwa kwenye filamu, kisha fuatilia nani alinunua mali zake. Kampuni nyingi zimekufa, lakini haki zao ziliuzwa. Katika barua ya kumwomba mwenye haki kibali taja mwaka wa filamu, aina ya mkanda, tarehe, mahali na idadi ya maonyesho. Usipojibiwa, usihesabu kuwa umeruhusiwa. Ndipo wengi wanapoponzwa: wanasubiri wiki mbili, wanabandika matangazo, na madai yanawafikia wakati watazamaji wameshakaa vitini.