Tahadhari ya matengenezo ya ndege iwekwe mapema kiasi gani?

Kazi yangu ni kupanga matengenezo ya ndege ndogo huku Nyanda za Juu Kusini, nyingi zikiwa za kupeleka wageni Ruaha kupitia Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, chache zikishuka hadi Songwe, uwanja wa Mbeya. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza: tahadhari, yaani ukumbusho kwamba matengenezo yanakaribia, tuiweke saa ngapi za kuruka kabla ya ukomo? Wanataka namba moja, tuseme saa 10, waibandike kwa kila kitu. Nawasihi msifanye hivyo.

Anzeni na kazi yenyewe: inahitaji nini, na hicho kitu kinatoka wapi? Kubadili oili na chujio kila baada ya saa 50 ni kazi ya asubuhi moja, na chujio liko stoo. Hapo saa 10 zinatosha. Betri ya kifaa kinachorusha ishara ya dharura ndege ikianguka ni habari nyingine kabisa. Ukomo wake ni tarehe iliyoandikwa juu yake, hata kama ndege haijaruka. Tena nyingi ni za lithiamu, na hizo husafirishwa kwa masharti ya mizigo hatari. Huwezi kumkabidhi kondakta wa basi pale Dar ukaipokea Iringa jioni. Mimi huweka tahadhari ya kwanza miezi mitatu kabla, ya kuagizia tu. Ya pili huja mwezi mmoja kabla, ya kupanga fundi na siku ambayo ndege haitaruka.

Kinachowaponyoka wengi ni kugeuza saa kuwa tarehe. Zikibaki saa 20 kufikia ukaguzi wa saa 100, hizo ni siku ngapi? Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndege inayoruka saa nne kwa siku huzimaliza kwa siku tano. Masika, baadhi ya kambi zikiwa zimefungwa, ikiruka saa tatu kwa wiki zitafika karibu wiki saba. Tahadhari ileile ya saa 20 Agosti imeshachelewa, Aprili inapiga kelele bure, na tahadhari inayopiga kelele bure watu huacha kuisikiliza. Kwa hiyo kila Jumatatu napiga hesabu upya: saa zilizobaki, wastani wa wiki mbili zilizopita, na safari ambazo tayari zimeuzwa. Nazipa uzito zaidi hizo safari zilizouzwa, kwa sababu wastani wa Mei hauwezi kukuambia Juni itakuwaje.

Ndege iliyolala nayo isiwadanganye. Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege, kwa mfano, wanataka oili ya injini yenye chujio linalochuja oili yote ibadilishwe kila saa 50 au kila miezi minne, kinachotangulia ndicho kinachoshika.

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya saa sahihi. Rubani akitua jioni hupiga picha mbili: mita ya saa na ukurasa wa siku hiyo kwenye kitabu cha ndege, kisha huzituma kwenye grupu. Nazisoma hadi tarakimu ya mwisho. Mita ikionyesha 4,312.6 na kitabu 4,311.6, nampigia usiku huohuo, kabla hajalala na kusahau.

Kuhusu nyongeza ya saa, kuweni waangalifu sana. Kanuni za Marekani huruhusu kuzidisha ukaguzi wa saa 100 kwa saa zisizozidi 10, ili tu ndege ifike mahali pa kukaguliwa, na zilizozidi hukatwa kwenye 100 zinazofuata. Kwetu, fuateni kilichoandikwa katika programu ya matengenezo iliyoidhinishwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hata pale nyongeza inaporuhusiwa, msiiingize kwenye mpango. Ukomo unaoandikwa kwenye jedwali ni saa 100, basi.

Na tahadhari isiishie kwa fundi. Fundi hana uwezo wa kuzuia safari isiuzwe. Mpelekeeni pia dada au kaka anayepokea buking, ikiwa na tarehe, siyo saa, ili aifunge siku hiyo kwenye kalenda yake kabla mgeni hajalipa.