Tone likielea: maswali yenu kuhusu kuchangia damu

Nina miaka 27 na kilo 58. Nilichangia damu mara mbili, kila baada ya miezi mitatu kama kaka zangu. Safari ya tatu mhudumu alidondosha tone langu kwenye maji ya bluu, likaelea, nikarudishwa nyumbani. Nina ugonjwa? (Msomaji, Morogoro)

Huenda huna ugonjwa wowote, dada. Yaelekea umepungukiwa madini ya chuma. Yale ni maji ya mrututu, yaliyokorezwa kwa kipimo ili tone lenye himoglobini (kile chekundu cha damu kinachobeba oksijeni, kinachojengwa kwa chuma) ya gramu 12.5 kwa desilita au zaidi lizame ndani ya sekunde 15. Lililo jepesi huelea. Mara nyingine kosa ni la upimaji: kidole kikikamuliwa sana, majimaji ya mwili huchanganyika na damu, na kiputo cha hewa hulibeba hata tone zito. Unaweza kuomba upimwe tena kwa mashine.

Ulipokosea wewe ni kwenye kalenda. Hapa Tanzania mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mfuko wa mililita 450 huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Maji ya damu hurudi ndani ya siku mbili hivi, chembe nyekundu baada ya wiki kadhaa, lakini akiba ya chuma hujaa polepole, na kwako hedhi inaichota kila mwezi.

Kula maini, nyama, dagaa. Maharage na mchicha yasindikize kwa chungwa au ndimu, maana chuma cha mimea hakifyonzwi vizuri bila vitamini C. Chai isubiri saa nzima baada ya chakula. Ukiinywa papo hapo inakizuia chuma kuingia mwilini. Juisi ya rozela inasifiwa mno kwamba "inaongeza damu". Kwa maoni yetu, sifa nyingi imezipata kwa rangi. Tone likielea tena baada ya miezi minne, kapime picha kamili ya damu, na choo pia: minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya.

Naogopa kuzirai nikishatoa. (Msomaji, Tanga)

Usiende na njaa. Kunywa nusu lita ya maji kabla ya sindano, na ukimaliza kaa hapo hapo dakika 15 kabla ya kutafuta bodaboda. Ukisikia kizunguzungu, lala na uinue miguu. Mkono uliotolewa damu usibebe ndoo siku hiyo.

Mama ameandikiwa chupa mbili. Mimi ni kundi O kama yeye. Kwa nini asiwekewe yangu moja kwa moja? Na tuangalie nini? (Msomaji, Mbeya)

Kundi ni mwanzo tu. Kuna Rh (ile chanya au hasi inayofuata herufi ya kundi), kisha damu ya mgonjwa hulinganishwa maabara na ile ya mfuko. Yako lazima pia ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana mzima kwenye vipimo, kwa hiyo maswali ya fomu yajibiwe kwa ukweli, hata kama ndugu wote wamekuzunguka. Mtu asichangie damu kwa nia ya kujua hali yake ya VVU; kituo cha upimaji kipo kwa kazi hiyo.

Kitandani, jina, namba ya hospitali, kundi na tarehe ya mwisho vilinganishwe na mfuko kabla haujafunguliwa. Msiupashe mfuko kwa maji ya moto: chembe hupasuka, na damu iliyopasuka ni hatari kubwa. Mfuko mmoja uishe ndani ya saa nne.

Dakika 15 za kwanza mtu asitoke pembeni mwa mama. Akitetemeka, akipata homa, akilalamika kiuno au kifua, akishindwa kupumua au mwili ukimwasha, mwiteni muuguzi mara moja aifunge damu. Mfuko usitupwe, hata ukibaki na kidogo: maabara itauhitaji kuulinganisha na damu mpya itakayochukuliwa kwa mama.